Tovuti ya Vyungu na Sura ya Sekela

Mugonile, ndugu zangu. Nimewasalimu kwa Kinyakyusa, na wageni wa kutoka mikoa mingine mniitikie hivyo hivyo.

Siku ya kwanza tulipokaa kupanga tovuti yetu ya vyungu iwe na sura gani, tulikuwa watu sita uani kwangu, hapa hapa Bondeni, Kyela. Nilikuwepo mimi, mwenyekiti wa kikundi. Alikuwepo Tusajigwe, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuwa akileta vyungu na udongo kwa mtumbwi kutoka Ikombe mpaka Matema, halafu kwa gari mpaka Kyela. Alikuwepo Mama Bupe, jirani yangu tunayepakana ukuta, katibu wetu kwa sababu alisoma mpaka darasa la saba. Alikuwepo Sekela, mke wa mwanangu Ipyana, mfinyanzi kutuzidi sisi wote. Alikuwepo marehemu mume wangu, Baba Ipyana, lakini yeye alikaa nje ya uzio, upande wa barabarani, na sababu ya kukaa nje nitaieleza. Wa sita alikuwa mtaalamu.

Jina la mtaalamu nalijua. Nalijua na jina la baba yake, maana nilimuuliza kama mtu anavyomuuliza mgeni. Lakini katika mkutano huu wetu tumekubaliana kwamba anayetoa ushuhuda asimtaje aliyemkosea. Basi nitamwita mtaalamu, ingawa mdomo unaniwasha. Na nawaambia mapema kwamba nimesamehe nusu. Nusu nyingine bado ninayo.

Mnaikumbuka miaka ile. Soko lilipoachiwa huru, maduka ya Kyela yalijaa ndoo za plastiki na masufuria mepesi, na chungu cha Ikombe kikawa kitu cha bibi. Tulikuwa tunarudi na vyungu nyumbani jioni kama tulivyokuja navyo. Ndipo ofisi moja ya kusaidia wafanyabiashara wadogo ikamleta mtaalamu. Akatuambia tutatengenezewa tovuti, nayo ni kama duka ambalo mlango wake unaonekana dunia nzima.

Nikamuuliza, "Mlango huo una rangi gani?"

Akacheka. Akasema, "Bibi, ndicho tulichokuja kupanga."

Sasa sikilizeni tulivyolelewa. Mgeni akizungumza kwako, humkatizi. Unaitikia, unashukuru, unaitikia tena mpaka amalize. Yeye alikuwa na daftari, na kila tulipoitikia aliandika. Alitoa karatasi zenye picha. Jua kubwa la rangi ya chungwa, mti mweusi, na twiga.

Tusajigwe akauliza, "Twiga huyu wa wapi?"

"Mama, wateja wa nje wakiona twiga wanajua hapa ni Afrika."

"Na wakija Ikombe wakamkosa?"

Tukacheka sote isipokuwa yeye. Akatuonyesha na herufi. Mama Bupe akazitazama, akasema mbona zimekaa kama kuni zilizokatwa vibaya. Mtaalamu akasema ndio mtindo wenyewe, wa asili. Mama Bupe akaitikia. Mtaalamu akaandika.

Halafu akachukua kalamu akachora ukurasa wa kwanza. Juu aliweka jina la kikundi. Chini yake alichora maduara mawili makubwa, yamekaribiana sana. Akasema, "Hapa ndipo jicho la mteja litakapotua. Hivi viwili vinatazamana, ndiyo nguvu ya ukurasa. Mwenyekiti, unaonaje?"

Ndugu zangu, mimi nimefinyanga tangu sijaota meno ya ukubwani. Ukinichorea duara, mimi naona mdomo wa chungu ukiutazama kutoka juu. Niliona vyungu viwili. Nikajiuliza vyungu vinatazamanaje, lakini nilimwonea aibu Sekela, mkamwana wangu anayejua kusoma, asinione mjinga mbele ya mgeni. Nikasema, "Nzuri." Neno moja tu. Akaliandika.

Kesho yake alikwenda kwa Sekela akampiga picha analainisha chungu, anacheka na mtoto wake aliyekuwa pembeni. Siku ya soko akampiga Baba Ipyana amesimama na baiskeli yake, vyungu vimefungwa nyuma kwa kamba za migomba. Huku mmoja peke yake, kule mwingine peke yake. Hakuna aliyeona ubaya.

Nyie mlioletwa huku kikazi niwaeleze jambo moja, wenyeji mnivumilie. Huku kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Hawapiti njia moja, hawakai ua mmoja, mke hatamki jina la mkwe wake, na wakikutana ghafla mke hujifunika na kugeuka. Ndiyo maana Baba Ipyana alikaa nje ya uzio. Hawachukiani. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kwa Sekela ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu alimpenda baba yake mkwe na hakuwa na namna nyingine ya kumwonyesha. Najua siku hizi wengi mmelegeza. Sisi hatukuwa tumelegeza.

Siku ya kuzindua, ofisi ilichapisha ule ukurasa wa kwanza kwenye karatasi kubwa, ikaubandika ubaoni nje, ikaufunika kwa kitambaa. Wanawake tulisimama upande mmoja, wanaume upande wa pili, Sekela nyuma yangu. Mtaalamu akahutubia. Akavuta kitambaa.

Yale maduara yalikuwa sura. Sura ya Sekela na sura ya Baba Ipyana, kila moja kubwa kama ungo, zimegeukiana, na Sekela anamchekea mkwe wake meno nje, pua kwa pua, chini ya twiga.

Halafu mwanamke mmoja wa sokoni, naye jina lake nalijua, akasema taratibu kila mtu asikie, "Kumbe Sekela huwa anacheka vizuri hivi na baba mkwe." Hapo kicheko kikaanza nyuma kikaja mpaka mbele.

Sekela alivuta kanga akajifunika kichwa chote, akapita katikati ya watu kama kipofu. Baba Ipyana alishusha kofia usoni akaondoka upande wa pili, baiskeli yake akaiacha pale pale. Kabla ya saa nane Sekela alikuwa amembeba mtoto mgongoni, yuko kwenye gari la Matema, anakwenda kwa wazazi wake Ikombe.

Nikamwendea mtaalamu pale pale. "Bwana, zitoe picha hizi."

"Kwa nini? Zimekaa vizuri. Zinaonyesha familia."

"Familia ya nani? Umewahi kuwaona pamoja?"

"Bibi, hizo ni mila za zamani. Sasa hivi ni soko huria, mnajirudisha nyuma wenyewe." Halafu akafungua daftari. "Na wewe mwenyewe ulisema nzuri. Hii hapa, nimeandika."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu amenivunjia nyumba, na ushahidi anao wa mdomo wangu.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mwanangu Ipyana alikuja jioni ile, hakukaa. Akasema, "Mama, umemuuza mke wangu kwa picha." Akaondoka. Baba Ipyana akawa anakula kimya, anamaliza, anatoka. Nikagombana na Tusajigwe, nikamwambia kicheko chake cha twiga ndicho kilichotufumba macho. Nikagombana na Mama Bupe, nikamwambia elimu yake ilikuwa ya kazi gani. Wote wawili hawakuwa na kosa. Udongo uliokuwa umeloweshwa, udongo mzuri wa Ikombe uliovuka ziwa, niliubeba kwa karai nikautupa kwenye mtaro. Masika yote ile hatukufinyanga hata kimoja. Kikundi kikabaki jina, na jina lenyewe limeandikwa kwa zile herufi za kuni.

Nilikwenda Ikombe. Mama yake Sekela alinitandikia mkeka, akaniletea maji, akaniambia, "Dada, karibu. Mtoto yupo. Ila picha ile ipo au haipo?"

Nikasema, "Ipo."

"Basi umekuja kunywa maji."

Sekela alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, sijaikataa nyumba. Ila nikirudi, kila mtu akifungua kile kitu mimi namtazama baba usoni. Nitapita wapi?"

Nilirudi kwenye mtumbwi nikaung'ang'ania ukingo wake kwa hasira, na mpiga kasia akadhani naogopa maji. Mimi, mtoto wa Ikombe.

Aliyenigeuza ni Mwalimu Zuhura. Yuko pale karibu na dirisha, asijifiche. Yeye ni mtu wa Tanga, aliletwa huku kufundisha, na alikuja kwangu kutafuta mtungi wa maji. Nikamwambia hakuna mtungi, na nikaanza kumlaani mtu ambaye yeye hakumjua. Angeweza kuondoka zake. Akakaa. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Bibi, tovuti ina neno la siri, ni kama ufunguo. Mwenye nalo anaingia, anaondoa anachotaka, anaweka anachotaka. Ufunguo wa tovuti yenu anao nani?"

"Anao yeye."

"Na tovuti ni ya nani?"

Masika nzima nilikuwa nampigia magoti mtu aniondolee kitu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kuwa ina ufunguo.

Asubuhi ya pili nilikwenda ofisini kwake nikakaa kwenye kizingiti cha mlango. Anayeingia ananiruka, anayetoka ananiruka. Mtaalamu akasema ana kazi. Nikasema nami ninayo, ni hii ya kukaa.

"Unataka nini, bibi?"

"Ufunguo."

Akaelewa mara moja. Akatabasamu. "Hata kusoma husomi. Neno la siri utalifanyia nini?"

"Nyumbani nina kufuli. Sikuitengeneza mimi, na ninaifunga kila siku."

"Mtaharibu mpangilio. Ile ni kazi ya kitaalamu."

"Iharibike ikiwa mikononi mwetu."

"Bibi, usinitie aibu kazini."

"Aibu unaijua? Basi keti hapa nikusimulie, maana mimi ninayo ya ukubwa wa ungo, na umeibandika wewe."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mkuu wake, mama mmoja mtu mzima, akatoka chumba cha ndani akauliza kuna nini. Nilimweleza kwa maneno machache. Alimtazama yule bwana, akasema, "Mwandikie bibi karatasi yake." Akaandika neno la siri. Akanipa, akadhani nitaondoka. Nikaituma karatasi kwa Mwalimu Zuhura, aliyekuwa duka la intaneti ng'ambo ya barabara, na yule bwana nikamwambia akae hapo hapo mpaka Mwalimu aujaribu ufunguo kwenye mashine. Nilikuwa nimeshasema nzuri mara moja bila kuhakikisha. Mwalimu alipotokeza mlangoni kule akaniinulia mkono, ndipo nilipoinuka.

Siku ile ile Mwalimu aliziondoa sura. Ukurasa ukabaki mweupe mtupu, na kusema kweli mimi niliuona mzuri kuliko ulivyopata kuwa.

Ikabidi tupange upya. Nilikwenda kwa Tusajigwe na kwa Mama Bupe, nikawaomba radhi mlangoni kwao, kila mmoja peke yake. Wakaja. Mwalimu akatoa karatasi na kalamu, nikamwambia hapana, karatasi siitaki. Nikatandika shuka jeupe uani, ukubwa wa mlango. Nikasema ukurasa ndio huu. Kila mtu aweke kitu chenyewe pale anapotaka kionekane, na tukishakubaliana wewe uchore tulichoweka.

Mama Bupe akaleta kitambaa chake cha meza chenye maua ya waridi, akakitandaza pembeni.

"Mama Bupe," Tusajigwe akamwambia, "tunauza vyungu au tunaposa?"

"Kinachangamsha."

"Kinachangamsha mpaka chungu hakionekani. Kitoe."

Akakitoa, akanuna kidogo. Tukakubaliana rangi tatu tu, zilizomo kwenye chungu chenyewe: wekundu wa udongo, weupe wa michoro yake, na weusi wa moshi chini. Herufi ziwe zimenyooka kama za kwenye kitabu cha darasa la kwanza, hata mimi niweze kuzifuata kwa kidole. Tukapanga vyungu sita shukani, vikajaa.

Baba Ipyana, aliyekaa nje ya uzio kwa mazoea ingawa Sekela hakuwepo, akasema, "Mnapanga nini huko, mzigo wa gari la Matema?"

Nikamwambia, "Sema unachotaka kusema."

"Punguzeni. Mimi sokoni naacha hatua nzima kati ya chungu na chungu. Vikibanana mteja haoni hata kimoja."

Tukatoa vitano, kikabaki kimoja katikati ya shuka. Mwalimu Zuhura akatazama, akasema hapo hapo paachwe hivyo hivyo.

Tukabishana juu ya baiskeli. Tusajigwe alitaka picha ya baiskeli ya Baba Ipyana, kwa sababu vyungu husafiri nayo. Picha nzima ilikuwepo ndani ya tovuti, mtu akikatwa inabaki baiskeli na mzigo. Mama Bupe akasema haiwezekani kuwekwa karibu na mikono ya Sekela.

"Baiskeli imekuwa mkwe?" Tusajigwe akauliza.

"Kiti amekikalia miaka kumi na tano."

Mnacheka, lakini sisi tulibishana mpaka jua likageuka. Mwisho nikaamua baiskeli iwe na ukurasa wake. Na tangu hapo tukaweka utaratibu ambao kikundi kinao mpaka leo. Kabla ya kuweka picha mbili pamoja, tunauliza kwanza, huyu ni nani kwa yule? Mtaalamu na elimu yake yote hakuuliza hilo hata mara moja. Alikaa uani kwangu, akamwona mwanamume mzima amekalia jiwe barabarani wakati mkeka una nafasi, na hakuuliza kwa nini.

Ukurasa wa kwanza tukaupa mikono. Mikono miwili na chungu kimoja, hakuna sura. Mwalimu alikata ile ile picha ya Sekela ndani ya mashine, ikabaki kuanzia viwiko. Lakini nikasema mikono ina mwenyewe, haionyeshwi mtu mpaka mwenyewe ameiona. Tukapeleka ujumbe Ikombe pamoja na kuku wawili na kitenge cha mama yake, kuomba radhi kama inavyotakiwa.

Walikuja wawili, Sekela na mama yake. Tulikwenda duka la intaneti saa nne asubuhi, Sekela amejifunika mpaka puani. Mashine za wakati ule mnazikumbuka, picha ilikuwa inashuka kutoka juu kidogo kidogo kama mtu anavyofunua pazia kwa woga. Ukaja weupe. Ukaja weupe tena. Sekela alikuwa amenishika mkono wangu na hajui kama amenishika. Ukatokea mdomo wa chungu, vikaja vidole, vikaja viganja vyenye udongo, ikaja mikono, ikakatika. Ikasimama.

Sekela akauliza, "Na chini?"

Mwalimu akashusha. Maneno tu.

"Na ukurasa mwingine?"

Baiskeli, na mzigo.

"Na baba?"

"Hayupo popote," nikamwambia. "Kurasa zote nimezifungua mimi, na ufunguo ninao."

Alitazama mikono yake pale kwenye mashine. Kanga ikashuka usoni, hakuipandisha. Akasogea karibu na kioo, akaweka kidole. "Mdomo wa chungu hiki umepinda hapa. Yule bwana alinisimamisha kabla sijamaliza. Watu watasema sijui kazi." Akamgeukia mama yake, halafu mimi. "Ipigwe nyingine. Udongo wangu uko wapi?"

Nikamwambia ukweli kwamba niliutupa mtaroni.

"Basi nitachimba mwingine," akasema. "Ipyana aje abebe."

Ndugu zangu, wateja walikuja, siyo wengi kama tulivyoahidiwa, lakini walikuja na wakakuta kile walichokiona. Baadaye nilisikia kwamba mtaalamu amekuwa akiwaonyesha watu ukurasa wetu na kusema ni kazi yake. Ile nusu niliyosema sijasamehe inakaa hapo. Mniombee, lakini msiharakishe.

Namshukuru Mwalimu Zuhura, aliyekuja kununua mtungi akaondoka bila mtungi siku ile. Nawashukuru Tusajigwe na Mama Bupe, waliorudi baada ya maneno niliyowatupia. Namshukuru yule mama mkuu wa ofisi. Namshukuru mzee wangu, Mungu amlaze pema, ambaye hakunilaumu hata siku moja, na kwa kutonilaumu akaniumiza zaidi. Ndaga fijo, asanteni sana wote.

Ninalowaachia ni hili. Mtu akikuchorea kitu chako, muulize hiki ni nini, na hiki, na hiki kilicho karibu yake. Akichoka kujibu, mwache achoke. Usiseme nzuri kwa kuona haya mbele ya watoto wako, kwa sababu wao ndio watakaolipa.

Mimi ni mtu mzima, majina ninayakumbuka lakini mpangilio wa siku huweza kunichanganya. Huenda ujumbe ulitangulia kuku, huenda Mama Bupe hakununa kama nilivyosema. Aliyekuwepo na anakumbuka vingine asimame anisahihishe, sitakasirika. Sekela amekaa pale mstari wa tatu, na nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama. Aanze yeye.